Kivuli cha Mbuyu na Wajibu wa Viongozi wa Miji Yetu

Unapotajwa utamaduni wa taifa, watu hukumbuka ngoma, lugha, mashairi, mavazi na vyakula. Ni nadra kukumbuka ardhi wanayoikanyaga watu wakutanapo. Katika insha hii tunashika shauri kwamba bustani ya umma ni sehemu ya utamaduni wa mji, na kwamba kiongozi anayeuacha mji ukue bila bustani anaudhoofisha utamaduni huo, hata kama kila mwaka yeye ndiye mgeni rasmi katika tamasha la ngoma. Ngoma haichezwi hewani. Huchezwa uwanjani, na uwanja ukiisha kugawanywa viwanja vya kujenga, ngoma huhamia ukumbini kwa kiingilio, na asiye na fedha huisikiliza akiwa nje ya ukuta.

Tunaandika haya kwa kuitazama Ruaha Mbuyuni, kata ya Wilaya ya Kilolo katika Mkoa wa Iringa. Hapa barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia hupita katika bonde la mibuyu, katika nchi ya Mto Ruaha Mkuu, kabla ya kuupanda mlima wa Kitonga. Vitunguu vilivyolimwa kwa maji ya mto hupangwa kandokando ya lami vikimngoja msafiri, malori husimama, na maduka huongezeka. Makazi yaliyokuzwa na barabara tunayo mengi katika Nyanda za Juu Kusini: Ilula, Mafinga, Makambako, mpaka Tunduma mpakani. Tabia yao ni moja. Hurefuka kwa kuifuata lami kama uzi, kila mtu akitaka mlango wake uikabili barabara, wala hakipatikani kitovu ambapo mtu angeweza kuketi bila kununua kitu. Matokeo yake ni kwamba mtoto huchezea ukingoni mwa barabara, na lori lenye shehena linateremka.

Swali letu ni hili: katika mji wa namna hiyo, ni nani aliyepewa dhamana ya kusema, "Hapa hapajengwi, hapa ni pa wote"? Na kama yupo, mbona hasemi?

Lugha yetu yenyewe ni shahidi kwamba jambo hili si geni. Mbuyuni ni mahali penye mbuyu. Dar es Salaam kuna Mnazi Mmoja, Mkwajuni, Mikocheni na Mwembechai. Unguja kuna Michenzani na Mwembeladu. Wazee hawakuyapa makazi majina ya miti kwa kupenda urembo wa maneno. Mti ulikuwa alama ya njia, kituo cha kutulia mizigo, soko la asubuhi na baraza ya jioni. Chini yake kesi ziliamuliwa na mahari zilizungumzwa. Mgeni aliyefika alikaribishwa kivulini kabla ya kuulizwa ukoo wake. Kwa hiyo, kabla ya mpima ardhi wa kwanza kushuka na minyororo yake, mti ulikuwa umekwisha kuonyesha ni wapi pa mtu binafsi na ni wapi pa watu wote. Leo tuna maafisa wa mipangomiji wenye shahada, nasi tunauliza: ni mitaa mingapi ambayo jina la mti limebaki, na mti wenyewe umekatwa ili pajengwe duka?

Wako wanaotujibu kwamba mkazi wa Ruaha Mbuyuni amezungukwa na pori, basi bustani ya nini? Hoja hii husemwa kwa kicheko, nayo hudhuru kwa sababu haijibiwi. Nchi yetu ina sifa duniani kwa kutenga ardhi. Serengeti ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 1951, Mikumi na Ruaha mwaka 1964, na Milima ya Udzungwa mwaka 1992. Hizi tatu za mwisho ndizo majirani zetu wa bonde hili na nyanda hizi, nasi twajivunia. Lakini hifadhi ya taifa haifanyi kazi ya bustani. Huingii mle upendavyo na mtoto mgongoni. Unaingia kwa kiingilio, kwa masharti ya mhifadhi, na ni haki iwe hivyo, maana wenyeji wa mle ni simba na tembo. Pori lisilo hifadhi nalo lina miiba, nyoka na moto wa kiangazi. Bustani ni ardhi iliyo karibu na mlango wa mtu, ardhi ambayo bibi kizee huifikia kwa mkongojo wake na kurudi nyumbani jua lingali juu. Taifa lililoweza kumtengea tembo mapito yake haliwezi kusema kwamba limeshindwa kumtengea mtoto wa shule eka mbili.

Wengine, tena waliosoma, hudai kwamba bustani ni mambo ya Wazungu. Hapa tunalazimika kuifungua historia. Mwaka 1893 Wajerumani walianzisha bustani ya mimea mjini Dar es Salaam chini ya Franz Stuhlmann, na shabaha yao kubwa ilikuwa kuijaribu mimea ya biashara. Waingereza nao, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, waliiacha wazi ardhi ya Mnazi Mmoja ili iwatenge Waafrika wa Kariakoo na mitaa ya biashara waliyokaa Wahindi, huku Wazungu wakijitwalia upande wa bahari wenye hewa na miti. Kivuli cha Uzunguni na vumbi la Uswahilini havikushushwa na Mungu. Vilichorwa kwa kalamu.

Lakini tazama wananchi walichofanya na ardhi hiyo. Mnazi Mmoja, uliokusudiwa kuwatenga watu, ukawa uwanja wa mikutano yao ya hadhara, na hapo ndipo uliposimamishwa mnara wenye Mwenge wa Uhuru. Mpaka wa mkoloni uligeuzwa kuwa baraza ya taifa. Basi kasumba haiko katika kupenda bustani. Kasumba ni kuamini kwamba bustani ni haki ya wakazi wa Uzunguni, na kwamba mkazi wa Uswahilini atosheke na kibaraza cha nyumba ya kupanga. Kila mtumishi wa umma anayepima viwanja vipana vyenye miti kwa ajili ya wakubwa, kisha akazibana nyumba za wanyonge hata jeneza lisipate njia, anaikamilisha ramani ya mkoloni kwa wino wetu wenyewe.

Hoja ya tatu ni ya fedha. Husemwa kwamba nchi maskini inunue kwanza dawa na madawati, bustani itakuja baadaye. Hakuna mtu mwenye akili atakayeshindanisha bustani na dawa. Lakini wanaosema hivyo wanasahau kwamba gharama kubwa ya bustani ni ardhi, na ardhi ni rahisi leo kuliko kesho. Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu watu milioni 12.3 katika Tanzania nzima. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120, na zaidi ya theluthi moja yao wanaishi mijini. Kipande ambacho leo kinahitaji mawe ya mipaka na muhtasari wa kikao tu, baada ya miaka ishirini kitahitaji fidia, kesi mahakamani na tingatinga. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika jambo hili, usipoacha uwazi utabomoa nyumba za watu.

Tena si kweli kwamba bustani ni tunda la utajiri uliokwisha kupatikana. Mji wa Birkenhead, ng'ambo ya mto kutoka Liverpool nchini Uingereza, ulikuwa mji wa gati na viwanda uliofura kwa haraka. Viongozi wake wa mji walinunua eka 226 za ardhi, nyingi yake kinamasi. Eka 125 wakazifanya bustani ya watu wote, na zilizobaki wakaziuza kuwa viwanja vya nyumba, bei yake ikiwa imepandishwa na bustani yenyewe. Bustani hiyo ilifunguliwa mwaka 1847, nayo hutajwa kuwa ya kwanza duniani kujengwa kwa fedha za umma. Mmarekani Frederick Law Olmsted aliizuru mwaka 1850, na aliporudi kwao akawa mmoja wa wawili waliobuni bustani kubwa ya Central Park jijini New York. Hatusemi tuige majani ya Uingereza, ambayo katika joto la Ruaha Mbuyuni yangekauka kabla ya Septemba. Tunasema tuige utaratibu: walitenga kwanza, wakauza baadaye. Sisi tunauza kwanza, na kinachobaki, yaani korongo na mteremko usiojengeka, ndicho tunachokiita bustani.

Katika nchi yetu pia utaratibu huo unajulikana. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulipopitishwa mwaka 1973, kazi haikuanza kwa kumwaga zege. Mpango mkuu wa mwaka 1976 uliutazama mji kama mahali pa watu waendao kwa miguu, wenye mitaa inayozungukwa na miti na nafasi wazi. Mtu anaweza kubishana nasi kuhusu kiasi gani cha mpango huo kilitekelezwa. Hawezi kubisha kwamba taifa lilikwisha kukiri, kwa maandishi, kwamba nafasi wazi ni kiungo cha mji kama ulivyo mfereji wa maji.

Iko hoja ya nne, nayo husemwa kwa sauti ya chini vikaoni: kwamba bustani huwa kijiwe cha wazururaji na wachuuzi. Tunajibu kwamba kijana asiye na bustani hatoweki duniani. Huketi juu ya mtaro, mbele ya kilabu, au kituo cha mabasi, na huko hana mzee wa kumtazama wala mwalimu wa kumpita na kumsalimu. Bustani inayotumiwa na watu wa rika zote hujilinda yenyewe, kwa sababu macho ya watu ni mengi. Na kuhusu wachuuzi, wapingaji waende Forodhani mjini Unguja. Bustani ile ilifanyiwa ukarabati mkubwa na Mfuko wa Utamaduni wa Aga Khan, ikafunguliwa upya mwaka 2009. Wauza vyakula vya jioni walipangiwa nafasi yao, na familia zinazoketi na watoto zina nafasi yao. Mchuuzi akipangwa, haiharibu bustani. Huiwashia taa.

Sasa tuwageukie viongozi wenyewe. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 ilizipa halmashauri za miji mamlaka juu ya maisha ya kila siku ya mji, na Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007 ilizifanya kuwa mamlaka za upangaji. Hakuna diwani awezaye kusema kwamba bustani si kazi yake. Hata hivyo tumezoea uongozi wa aina ya pekee. Kiongozi huja na msafara, hupanda mche mbele ya wapiga picha, hunawa mikono, huondoka. Mche hubaki bila maji na mbuzi humaliza shughuli. Mwaka unaofuata hupandwa mche mwingine katika shimo lilelile. Twasema mbuyu huanza kama mchicha, lakini methali hiyo haikusema kwamba mchicha hujimwagilia wenyewe.

Ubaya mwingine ni mzito zaidi. Eneo limechorwa katika ramani kuwa la wazi. Wananchi hawajui, kwa sababu ramani iko kabatini. Siku moja linazungushiwa mabati. Watoto waliokuwa wakicheza mpira hapo hufukuzwa. Mabati yakiondolewa, pana ghorofa au kituo cha mafuta. Anapoulizwa mhusika, husema kwamba "matumizi yamebadilishwa". Yamebadilishwa na nani, katika kikao gani, kwa faida ya nani? Mali bila daftari huisha bila habari, na ardhi ya umma ndiyo mali yetu kubwa isiyo na daftari mikononi mwa wananchi. Tunasema bila kuuma maneno: mtumishi anayegawa uwanja wa watoto ni mwizi, na wizi wake ni mbaya kuliko wa mfukoni, kwa kuwa fedha hutafutwa tena na ardhi haitafutwi.

Lakini uongozi wa mji haumo ofisini peke yake. Majirani zetu wa Nairobi wana Uhuru Park, iliyofunguliwa mwaka 1969. Mwaka 1989 ulitangazwa mpango wa kujenga ndani yake jengo la ghorofa 60, makao ya chama tawala cha wakati huo na gazeti lake. Profesa Wangari Maathai wa Harakati ya Ukanda wa Kijani, iliyoanzishwa mwaka 1977, aliandika barua moja baada ya nyingine kupinga. Alikejeliwa bungeni, na harakati yake ikatolewa katika ofisi iliyokuwa ikizitumia. Hakuwa waziri wala meya. Alikuwa na kalamu, miche na wanawake wenzake. Waliotarajiwa kutoa fedha wakajitoa, na jengo halikujengwa. Mwaka 2004 alitunukiwa Nishani ya Nobeli ya Amani. Watu wengi wanamkumbuka kwa miti aliyoipanda. Sisi twapenda akumbukwe pia kwa ardhi aliyoizuia isijengwe, maana pasipo ardhi mti utapandwa wapi?

Yaliyofanyika Nairobi yalihitaji mapambano kwa sababu mji ulikuwa umekwisha kujaa. Ruaha Mbuyuni na wenzake bado wana heri ya kuchelewa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatambua ardhi ya matumizi ya pamoja ya wanakijiji, nayo inaupa Mkutano Mkuu wa Kijiji sauti katika kuitenga. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Watu huzitazama mita hizo kama marufuku tu. Tunashauri zitazamwe kama zawadi: sehemu yake iliyo karibu na nyumba iwe njia ya miguu chini ya miti ya asili, bila saruji, bila uzio. Mto Ruaha Mkuu, ambao tangu mwaka 1993 umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi katika sehemu ya Hifadhi ya Ruaha, una haja ya watu wanaoupenda, na mtu hupenda anachokitembelea.

Kwa hiyo tunayadai mambo matano, wala hatuyaombi. La kwanza, katika kila upimaji mpya, jiwe la kwanza la mpaka liwe la bustani, na viwanja vya kuuza vifuate. La pili, kila eneo la wazi liandikwe katika daftari litakalobandikwa ukutani mwa ofisi ya kata, na penyewe pawekwe ubao unaosema ukubwa wake na kwamba ni mali ya wananchi. La tatu, bajeti ya kila mwaka iwe na kifungu cha maji, jembe na mshahara wa mtunza bustani, kwa kuwa bustani isiyo na mtunzaji ni sherehe ya siku moja. La nne, badiliko lolote la matumizi ya eneo la wazi lisomwe kwanza mbele ya mkutano wa hadhara, na majina ya waliounga mkono yaandikwe. La tano, mibuyu mikubwa iliyo ndani ya makazi ihesabiwe na kulindwa, na bustani ijengwe kuizunguka. Mbuyu haununuliwi dukani, wala mkandarasi hawezi kuumaliza kwa mwaka mmoja wa fedha.

Iko siku mtu atauliza kwamba kiongozi fulani aliuachia nini mji wake. Jengo atakalolitaja litakuwa limechakaa, na barabara itakuwa imewekwa lami upya na mwingine. Eka alizozikinga zitakuwa zingali eka zilezile. Hicho ndicho kipimo tunachotaka kitumike wakati wa kuchagua madiwani: alikuta nafasi ngapi za wazi, na aliacha ngapi?

Ninyi walimu na wanafunzi mna kazi katika jambo hili, tena ya wiki hii. Mwalimu wa jiografia awatoe wanafunzi darasani, wapime kwa hatua nafasi zote za wazi zilizo katika mwendo wa robo saa kutoka shuleni, na wazichore. Mwalimu wa uraia awapeleke katika ofisi ya kata waombe kuiona ramani iliyoidhinishwa. Mwalimu wa Kiswahili awaagize kuwauliza wazee majina ya miti iliyoipa mitaa majina, na kama miti hiyo ingalipo. Kisha michoro hiyo miwili, wa darasa na wa ofisi, ilinganishwe. Zikionekana eka zilizomo katika karatasi ya ofisi na hazimo ardhini, wanafunzi waandike barua kwa mtendaji wa kata, kwa Kiswahili safi na kwa adabu, wakitaja namba ya kiwanja na kuuliza tarehe ya kikao kilichokigawa. Nakala wampelekee diwani. Wasubiri jibu. Lisipokuja, waandike tena.